Mboga za Januari Hupangwa Agosti: Mwongozo wa Bustani ya Nyuma ya Jikoni, Kakamega

Ukipita sokoni Kakamega mjini mwezi wa Agosti, mrenda, kunde, managu na saga zimerundikwa mpaka mama mboga anakuongezea bila kuombwa. Rudi mwisho wa Januari. Fungu limekonda, majani yamekauka kingo, bei imepanda, na nyumba nyingi zimebaki na sukuma wiki ya kununua. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipande kidogo nyuma ya jikoni, hata kama ni hatua kumi kwa kumi, anayetaka Januari yake isiwe hivyo.

Anza kwa kuelewa mvua ya hapa, kwa sababu kazi zote zinaifuata. Kakamega hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika huanza Machi na kufikia kilele Aprili na Mei. Julai mvua hupungua bila kukatika. Agosti huongezeka tena na kuendelea hadi Novemba. Kiangazi chenyewe ni Desemba, Januari na Februari, na hicho ndicho kinachomaliza bustani.

Kutokana na hayo kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Ushauri wa kuhifadhi mboga mara nyingi hutoka sehemu kavu: vuna, anika, weka. Ukiufuata hapa Agosti bila kubadilisha kitu utaishia na majani meusi yenye ukungu, kwa kuwa hewa ina unyevu na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kwa hiyo gawa kazi mara mbili. Agosti ni mwezi wa mbegu, vitalu na kukausha kidogo kidogo asubuhi. Kukausha kwa wingi kungoje mwisho wa Novemba na Desemba, wakati mavuno ya vuli yanapokutana na jua kali.

## Kabla ya kuvuna, tembea bustani

Chukua vipande vya kamba au vitambaa vyekundu. Pita kila tuta na uamue mambo matatu: nini kinaliwa au kuuzwa sasa, nini kinakaushwa, na mimea ipi haiguswi kwa sababu ni ya mbegu. Mimea ya mbegu ifunge kitambaa siku hiyo hiyo, na uwaambie wote wa nyumbani, hasa watoto wanaotumwa kuchuma mboga jioni.

Kosa kubwa ni kuacha mbegu ziwe mabaki. Mtu huchuma mimea bora wiki baada ya wiki, kisha mmea dhaifu uliowahi kutoa maua ndio unaobaki na kuitwa mbegu. Ukifanya hivyo misimu mitatu, saga yako itakuwa inatoa maua ikiwa na urefu wa kiganja. Chagua mmea wenye majani mapana, usio na ugonjwa, na uliochelewa kutoa maua.

## Kuvuna bila kuumiza mmea

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Majani yenye maji juu yake huoza haraka kwenye kikapu, na yaliyovunwa saa saba mchana hunyauka kabla hujafika barabarani.

- Managu: kata ncha ya shina kuu kwanza ili matawi ya pembeni yachipue, kisha rudi kila wiki. Ukiyaacha matunda mengi yakae, majani hupungua. Matunda mabichi ya kijani yasiingie kwenye sufuria, yana sumu.
- Saga: ondoa vichwa vya maua mara tu vinapojitokeza, ila kwenye mimea ya mbegu.
- Mrenda: kata ncha zenye urefu wa kiganja na nusu. Usivue majani yote ya chini.
- Kunde: chuma majani machanga, ukiacha angalau nusu ya majani kwa mmea unaotaka upate maganda.
- Mchicha: uliopandwa kwa kubanana ng'oa na mizizi ili kupunguza msongamano. Uliopewa nafasi kata juu, utachipua.
- Maboga: majani (lisebebe) machanga matatu ya ncha yanatosha kwa kila mmea ikiwa unataka boga pia.

Ikiwa ulinyunyiza dawa yoyote, soma kibandiko cha chupa. Kimeandikwa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na siku hizo haziwezi kufupishwa kwa kuosha majani. Anayekula mboga hiyo kwanza ni mtoto wako, na anayefuata ni mteja wako.

## Mbegu: kazi ambayo haingoji

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitetea mboga hizi zilizowahi kudharauliwa kama magugu. Mwaka 2007 alichapisha utafiti kuhusu jinsi jamii tatu za magharibi mwa Kenya zinavyozalisha na kupata mbegu zake. Kwamba mtaalamu wa kiwango hicho alishughulika na mbegu kunaonyesha shida ilipo. Jani zuri linategemea mbegu nzuri, na mbegu ya mboga za kienyeji mara nyingi inatoka kwenye kibuyu cha jirani, umri wake haujulikani.

Managu
1. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yakiwa yamebadilika rangi na kulainika.
2. Yaponde kwenye bakuli, ongeza maji kidogo, yaache siku moja hadi mbili ili utelezi uachane na mbegu.
3. Osha mara kadhaa. Mbegu nzuri huzama, takataka na mbegu tupu huelea.
4. Tandaza kwenye kitambaa kivulini. Usitumie gazeti, mbegu hugandamana nalo.

Saga na mrenda
1. Ngoja ganda ligeuke manjano (saga) au kahawia (mrenda), ila usingoje lipasuke.
2. Kata maganda asubuhi mapema, yakiwa na unyevu kidogo, ili mbegu zisimwagike.
3. Weka kwenye mfuko wa kitambaa na uning'inize mahali penye hewa. Yatapasukia humo humo.
4. Pepeta kwa ungo, kausha siku chache zaidi kivulini.

Kunde
Acha maganda yakaukie shambani kadiri mvua inavyoruhusu. Mvua ikizidi, ng'oa mmea mzima na uuning'inize chini ya paa la ghala. Usiweke mbegu kabla ya kupima ukavu.

> KISANDUKU: Kupima ukavu kwa chumvi
> Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia vijiko viwili vya chumvi iliyokauka, kisha jaza theluthi moja ya chupa kwa kunde au maharagwe. Funga, tikisa dakika moja au mbili, uache kwa dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, punje bado zina maji mengi: rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, unaweza kuhifadhi.

Hifadhi mbegu ndogo kwenye chupa iliyojaa hadi kifunikoni, kwa kuwa hewa ikiwa kidogo fukusi nao hupungua. Kunde za kupanda unaweza kuzichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa. Andika jina la mboga na mwezi wa kuvuna. Kwa saga, mwezi huo ni muhimu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mbegu ya saga iliyovunwa karibuni hulala. Inahitaji miezi mitatu au zaidi ndipo iote vizuri. Mtu anayevuna Agosti na kupanda Septemba huona tuta tupu na kulaumu udongo au ndege. Kwa vuli hii panda mbegu ya mwaka jana, na ya leo iweke kwa Machi.

## Kukausha

Jani la mboga ni maji kwa sehemu kubwa: kilo 10 za majani mabichi hukupa takriban kilo moja ya makavu. Ukiyaondoa maji hayo upesi, vimelea vya kuozesha havina pa kuishi. Ukiyaondoa polepole, vimelea hushinda. Pamoja na hayo, jua la moja kwa moja hupausha rangi ya jani na kuharibu kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Kwa hiyo unachotafuta ni joto na upepo, bila jua kupiga majani yenyewe. Vitamini C itapungua hata ukifanya vizuri, na hilo lizibwe kwa mapera, mapapai au ndimu.

Utahitaji sufuria kubwa, kitambaa chepesi au neti, kichanja chenye urefu wa kiuno, neti ya kufunika dhidi ya nzi, na mahali pa kuingiza kichanja mvua ikija.

Hatua kwa hatua: kunde, managu, saga, mchicha

1. Chambua. Ondoa majani ya manjano, yenye madoa na mashina magumu. Jani bovu halitakuwa zuri likikauka.
2. Osha kwa maji safi mara mbili. Usikate bado.
3. Chemsha maji hadi yatokote. Funga majani kwenye kitambaa na uyatumbukize kwa dakika 2 hadi 3, ukihesabu tangu maji yatokote tena. Joto hili huzuia rangi na ladha kuharibika ghalani, na hupunguza vijidudu.
4. Toa na utumbukize mara moja kwenye maji baridi safi kwa muda huo huo, kisha ning'iniza yadondoke maji.
5. Tandaza kwenye kichanja, majani yasipandane. Kichanja kiwe chini ya kivuli chenye upepo, au kwenye kikaushio cha jua.
6. Geuza kila baada ya saa mbili.
7. Toa nje saa tatu asubuhi, ingiza kabla ya saa nane mchana. Alasiri ya Kakamega usiiamini hata mbingu zikiwa nyeupe saa sita.
8. Usiku kichanja kikae ndani mahali pakavu. Kama siku ya tatu majani bado yananyumbuka, maliza kwenye kichanja karibu na jiko lenye joto, mbali na moshi.

Usitie chumvi kabla ya kukausha. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hapa hewa ina unyevu wa kutosha.

Mrenda haupitishwi kwenye maji ya moto, maana utelezi wake utatoka na majani yatashikamana. Chambua majani, yaoshe, yapunge maji, yaanike mabichi kivulini hadi yavunjike, kisha yatwange na kuchekecha. Wamisri nao huuza mrenda wao, mulukhiya, ukiwa mkavu namna hii. Unga wa mrenda ni bidhaa ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuiuza kwa ndugu walio Nairobi, na mimi ningeanza na huo kuliko kitu kingine, kwa sababu hauharibiki haraka na hauhitaji kuni za kuchemshia.

> KISANDUKU: Kipimo cha chupa
> Jani likivunjika kwa mlio ukilikunja, limekaribia. Weka konzi moja kwenye chupa ya kioo, funga, ulaze usiku. Asubuhi ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, rudisha yote kichanjani. Kioo kikiwa kikavu, weka akiba yote kwenye vyombo visivyopitisha hewa, mahali penye giza. Kagua kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Ukiona ukungu hata kwenye kona moja, tupa chombo chote. Usitoe sehemu mbaya na kula iliyobaki.

Kikaushio rahisi hakihitaji fundi mkubwa. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita, sakafu yake ikiwa bati au karatasi nyeusi ya plastiki, trei ya neti katikati, na juu karatasi ya plastiki ya kupitisha mwanga iliyofunikwa kwa kitambaa cheusi pale juu ya majani. Toboa matundu ya hewa chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, ili hewa ya moto ipande na kutoka na unyevu. Inua miguu yake mita moja kutoka ardhini. Sanduku lisilo na matundu ya juu hupika majani, na hilo ndilo kosa linaloharibu vikaushio vingi vya nyumbani.

Onyo. Usipike mboga za majani au maharagwe mabichi, ukazifungia kwenye chupa ya kioo, ukaziweka rafuni. Mboga zisizo na uchachu, zikifungwa bila hewa, zinaweza kuzalisha sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakutoshi kuua mbegu za vijidudu vinavyoizalisha. Nyanya nazo zikipondwa na kuchemshwa kuwa nzito, zitie ndimu, ziweke kwenye friji na utumie ndani ya wiki moja, au zigandishe.

Kuna pia njia ya jikoni ya wazee: managu, saga na mitoo hupikwa kwa maziwa kwenye chungu, huchemshwa tena kila siku na kuongezwa maziwa, uchungu ukipungua kadiri siku zinavyokwenda. Njia hiyo hushikilia mboga kwa siku chache, haihifadhi hadi Januari. Ikiwa unaitumia, chemsha hadi itokote kabisa kila siku, si kupasha moto.

## Vingine vya kuweka

Maboga: vuna ngozi ikiwa haitoboki kwa ukucha, ukiacha kikonyo cha urefu wa kidole. Yapange kwenye mbao bila kurundika. Lenye jeraha liwe la kwanza kuliwa. Boga zima huvuka miezi mitatu.

Vitunguu: majani yakianguka, ng'oa na uanike chini ya paa kwa wiki mbili hadi shingo ikauke. Kitunguu chenye shingo nene hakikai.

Viazi vitamu: ardhi ndilo ghala bora, uking'oa kidogo kidogo. Ila udongo ukianza kupasuka Desemba, fukusi wa viazi huingia kwenye nyufa, kwa hiyo inua udongo juu ya matuta au ng'oa vyote. Vinaweza kukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Wateso wa Busia na Uganda hufanya amukeke, na Shinyanga watu huishi na michembe. Kabla ya kiangazi, hamisha marando mahali penye maji ili mwezi wa Machi usianze kuomba mbegu kijijini.

## Kupanda kwa vuli

Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega una asidi na umepungukiwa fosforasi. Samadi iliyooza vizuri ndiyo dawa ya kwanza: gorogoro moja kwa kila mita mraba, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza miche na huvutia sota wakatao mashina usiku.

Ya pili inaota bure kwenye ua wako. Tithonia, kichaka chenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, kina nitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi kwenye majani, na watafiti wa kilimo-mseto katika eneo la Maseno wameihimiza kwa miaka mingi.

1. Kata majani na vijiti laini kabla ya maua kukomaa.
2. Katakata kwa panga, zika kwenye tuta wiki moja hadi mbili kabla ya kupanda.
3. Kwa mbolea ya maji: jaza nusu ya pipa kwa majani, ongeza maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Changanya sehemu moja na maji sehemu mbili, umwagie miguuni mwa mmea, si kwenye majani ya kuliwa.

Zungusha mimea. Managu, nyanya, viazi na biringanya ni ukoo mmoja na hurithishana mnyauko wa bakteria. Usiifuatanishe kwenye tuta moja. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa wa kijani, kata shina karibu na ardhi na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, ni bakteria: ng'oa mmea na udongo wa mizizi yake, choma, na panda hapo mahindi au kunde.

Wiki ya kwanza ya Agosti: kitalu cha managu na sukuma wiki. Inua kitalu ili mvua isikifurikie. Chora mistari kila sentimita 15, mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo tu, na juu uweke nyasi hadi zichipue. Miche huwa tayari baada ya wiki nne hadi tano. Pandikiza jioni. Managu ipewe sentimita 30 kila upande, sukuma futi moja na nusu kwa futi mbili.

Mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba: panda moja kwa moja. Saga, mrenda, mitoo, kunde na mchicha. Saga haipendi kupandikizwa, mzizi wake mkuu ukikatika hudumaa. Changanya mbegu ndogo na mchanga mkavu, sehemu moja kwa kumi, ili zisimwagike mahali pamoja. Mistari iwe sentimita 30, kina kisizidi sentimita moja. Mbegu ikizama sana haioti, na mvua ya kwanza kubwa huizamisha zaidi.

Mrenda una ganda gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, tumbukiza kwa sekunde 10 kwenye maji yaliyotoka kutokota, toa, zipoe na zikauke usiku kucha, kisha panda. Bila hivyo zitaota moja moja kwa miezi.

Usipande yote siku moja. Gawa tuta mara tatu, wiki mbili zikitenganisha. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, saga wiki nne hadi sita, mitoo karibu wiki nane. Kunde ya kukaushwa ipande mapema Oktoba ili majani yawe mengi Novemba ikiisha, wakati jua linarudi.

Miche ikibanana, punguza na upike ulichong'oa. Kunde na mitoo hurutubisha udongo, kwa hiyo viweke pale panapofuata sukuma. Vidukari kwenye sukuma waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya jani, na uondoe majani yaliyojikunja. Mvua ya mawe ni hatari ya kweli Kakamega, na haina kinga ya bei rahisi kwa shamba zima. Kwa kitalu, weka paa jepesi la nyasi alasiri. Bustani ikipigwa, kata majani yaliyochanika siku hiyo hiyo na umwagie mbolea ya tithonia. Managu na mrenda huchipua upya, mchicha mdogo ni bora kupanda tena.

> KISANDUKU: Kabla mbegu haijaingia udongoni
> ☐ Nimehesabu mbegu 20 kwenye kitambaa chenye maji, nikaona ngapi zimeota baada ya wiki. Chini ya 12, naongeza kiasi cha kupanda.
> ☐ Saga yangu ina miezi mitatu au zaidi tangu kuvunwa.
> ☐ Mrenda umepitishwa kwenye maji ya moto.
> ☐ Tuta hili halikuwa na managu wala nyanya msimu uliopita.
> ☐ Samadi imeoza, haina joto wala harufu kali.
> ☐ Nimejua maji ya Januari yatatoka wapi.

## Maji ya Januari

Swali la mwisho kwenye orodha hiyo lijibiwe Agosti. Mwenye kisima au mto karibu hupanda bondeni, lakini acha ukingo wa mto bila kulima, angalau mita 6 na zaidi kwa mto mpana. Kanuni za rasilimali za maji zinataka hivyo, na Isiukhu, Yala au Lusumu ukilima hadi ukingoni, udongo wako wenye samadi utaishia kwa wengine.

Asiye na mto atumie maji ya jikoni. Magunia mawili ya kusimama mlangoni, yaliyojazwa udongo na samadi na safu ya kokoto katikati, hubeba sukuma na managu za familia kwa maji ya kuoshea mboga na mchele. Maji yenye sabuni nyingi yasimwagwe humo. Kuanzia katikati ya Novemba, kabla mvua haijaisha, funika matuta yote kwa nyasi kavu unene wa kiganja: unafunika unyevu uliopo, na ukingoja hadi udongo ukauke utakuwa umefunika ukavu. Matuta ya kiangazi yawe ya kuzama kidogo chini ya ardhi, kinyume na ya mvua. Mwagilia jioni, mara chache na kwa kina.

## Mboga kavu jikoni

Kwa watu watano, konzi mbili za kunde au saga kavu hutosha.

1. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa. Maji hayo yatumie kupikia ikiwa majani yalioshwa vizuri.
2. Chemsha hadi yalainike. Wanaotumia musherekha, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, watie vijiko viwili tu. Husaidia kulainisha, lakini ukizidi huharibu vitamini na ladha. Magadi nayo ni hivyo hivyo.
3. Kaanga kitunguu na nyanya kando, changanya, ongeza maziwa au karanga zilizosagwa. Mafuta kidogo ni lazima, mwili haupokei vitamini A bila mafuta.
4. Unga wa mrenda haulowekwi. Nyunyiza polepole kwenye maji yanayotokota huku ukikoroga kwa mwiko, dakika tano zinatosha.

Anza na chombo cha Agosti, kisha cha Desemba. Kila unapofungua chombo, nusa kwanza: harufu ya ghala lenye unyevu ikikupokea, usipike. Chukua kiasi cha siku hiyo kwa kijiko kikavu, funga mara moja, na urudishe gizani. Mvua ya Machi ikinyesha na mchicha wa kwanza ukichipua, kilichobaki kwenye chombo kimalize ndani ya mwezi huo, osha vyombo na uvianike juani kabla ya kuvijaza tena.